Tulipomaliza Kujenga, Maneno Yakaisha

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi japo mara nyingi gazeti nalisoma limeshapita siku mbili tatu, nalikuta kwenye mgahawa Makambako au linakuwa limebaki kwenye kabini utingo wangu kaliweka chini ya kiti. Naomba nafasi nimjibu yule ndugu aliyeandika wiki iliyopita kuwa wanawake wa siku hizi wanataka maneno maneno tu kama wako kwenye tamthilia, na kwamba mwanaume anayelisha nyumba na kulipa ada ameshasema yote, mapenzi ni vitendo. Ndugu yangu nimekusoma mara mbili na wala sikukasirika, maana hayo maneno yote niliwahi kuyasema mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko wewe, na mbele ya wazee. Nitafika huko.

Mi ni dereva wa masafa. Napakia bandarini Dar, mizani ya Vigwaza, Mikumi, napanda mlima wa Kitonga, Makambako, mpaka Tunduma, kilometa 900 na kitu hivi, na nikivuka Nakonde upande wa Zambia basi ni Lubumbashi kule Kongo na hapo kurudi ni Mungu anajua, kuna safari tumekaa foleni ya boda siku tano tunaoga kwa ndoo. Nyumbani ni Mlandizi. Kwa mwezi nikibahatika nalala nyumbani siku nne au tano. Kwa hiyo kuna atakayesema wewe tatizo lako ni umbali, acha udereva. Hapana bwana. Nina majirani wanalala kitanda kimoja mwaka mzima na hali ni hii hii, mwenzao akiumwa wanajua kwa kuona panadoli mezani.

Ngoja nianze na simu. Mwaka jana mwezi wa nne kuna fundi alidai sijamlipa, ikabidi nipandishe juu meseji zangu na mama watoto nitafute ule muamala, maana nilimtumia yeye amkabidhi. Nikaanza kusoma. Luku imeisha. Nimetuma. Imeingia. Mtoto anatakiwa viatu vya shule. Sh ngapi. 25. Nimetuma. Gesi. Umefika wapi. Iringa. Sawa. Bibi anaumwa mguu. Nimetuma. Nikapandisha mpaka mwezi wa tisa wa mwaka wa nyuma yake, miezi saba Mhariri, mtu baki akipewa ile simu asome atajua mi ni bosi na yule ni mtunza stoo, tena stoo yenye nidhamu, hakuna anayemtukana mwenzie. Hakuna hata mmoja aliyeandika leo nimeamka vibaya. Hakuna aliyeandika nimekukumbuka. Muamala wa fundi niliuona ila ile simu niliiweka chini kama kitu cha moto.

Na hatukuwa hivyo. Tulioana 2008, tukapanga chumba kimoja Mbagala, 2011 tukapata kiwanja huku Mlandizi kipindi hicho pembeni yetu ni mihogo mitupu. Kuanzia hapo mpaka 2019 tulipohamia, sisi tuliongea. Tuliongea mpaka jogoo anawika. Msingi tuuinue kozi ngapi, lenta tumwage lini, bati geji 28 au 30, fundi katupiga mifuko miwili ya saruji tumfukuze au tumvumilie amalize ukuta. Yeye alikuwa anachora ramani pembeni ya gazeti kwa penseli, hapa sebule, hapa jiko, na dirisha la jiko nataka liangalie barabara nikuone ukishuka. Mi nacheka namwambia jiko hilo litapigwa jua la saa tisa utaungua humo. Lile dirisha lipo mpaka leo na jua la saa tisa linaingia kweli. Siku ya kupaua alikaa chini ya mwembe wa jirani akalia, nami nikawa najifuta macho nasema vumbi la mbao.

Tukahamia. Tailizi tukaweka 2021, geti 2022. Baada ya geti sijui nikuelezeje, hakuna siku tuliyogombana, chakula kinapikwa, nguo zinafuliwa, wakwe wanasalimiwa, heshima iko pale pale, ila jioni mkikaa sebuleni mnasikia friji likinguruma. Mi nachezea simu, yeye anachezea simu, watoto wamelala. Saa tatu na nusu mmoja anasema aya mi naenda kulala.

Nimefikiria sana hii kitu, barabarani kuna muda mwingi wa kufikiri. Nadhani ile nyumba ndo ilikuwa inatuongelesha. Tulipokuwa tunabishana juu ya bati kumbe tulikuwa tunaambiana mambo mengine kabisa, kwamba tutazeeka pamoja hapa, kwamba naogopa nisije nikafa barabarani hujapata pa kukaa, kwamba hela yangu yote nimekukabidhi na silali na wasiwasi. Hayo yote yalikuwa yanapanda humo humo juu ya mzigo wa saruji na nondo. Ujenzi ulipoisha yakakosa usafiri. Na sasa unajiuliza, tumeshajenga, watoto wanasoma, halafu? Tunaamka ili iweje? Hilo swali sikuwahi kumuuliza mtu na naamini na yeye analo, kila mtu kalala nalo upande wake wa kitanda.

Sasa kuna ya kanga. Mwezi wa kumi na mbili nimerudi, nimekaa barazani nakunywa chai. Binti yetu mdogo yuko darasa la pili, na kashikwa na ugonjwa wa kusoma kila kinachopita mbele yake, anasoma mfuko wa unga, anasoma ubavu wa lori langu, anasoma hata tarehe ya mwisho ya dawa ya mbu. Mama yake akapita na beseni anaenda kuanika, kajifunga kanga, mtoto akaanza, hu, ja, ni, u, li, za. Akarudia kwa haraka. HUJANIULIZA NITAKUJIBU NINI. Kafurahi huyo kayapata yote! Akamuuliza mama, nani hajakuuliza? Mama yake hata hakugeuka, akasema njoo uanike soksi zako.

Ile kanga nilikuwa naiona tangu mwezi wa nane, ya zambarau, ina korosho pembeni, tena hela ya hiyo doti nilitoa mimi. Nilikuwa naona kanga, jina silioni. Na mi si mtu wa bara Mhariri, mi ni mtu wa Kilwa, bibi yangu alikuwa akirudi dukani haulizwi kanunua rangi gani, anaulizwa jina gani, na zamani hizo alizokuwa anatuhadithia majina yalikuwa yanaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mwanamke akikasirika havunji sahani, anabadilisha kanga, na kwenye harusi akitaka kumwambia mtu jambo anangoja taarabu ifike kwenye ubeti wake, anainuka taratibu kwenda kutuza huku kamtolea mtu macho. Hizo barua zote nilikuwa nazijua, nimeona shangazi zangu wakiandikiana hivyo miaka na miaka. Ya kwangu ndo niliandikiwa miezi minne sikuisoma, nikasomewa na mtoto wa darasa la pili.

Unadhani basi nilimfuata nikamuuliza? Wapi. Nilimaliza chai nikaenda kukagua tairi.

Kilichonishtua zaidi kilitokea kwa dada yangu. Ameniruhusu niandike, kasema usitaje jina. Mwaka huu mwanzoni alikwenda baraza la usuluhishi, anataka kuachana na mume aliyeishi naye miaka kumi na saba. Kwa asiyejua, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 101 inasema huwezi kupeleka maombi ya talaka mahakamani mpaka mgogoro wenu uwe umepita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, na baraza likishindwa kuwapatanisha ndo linawapa cheti mnakwenda nacho mahakamani. Mimi nikaitwa kama ndugu, na nikaenda nikiwa upande wa shemeji, maana yule bwana simjui kwa ubaya wowote.

Mwenyekiti akamuuliza dada, anakupiga? Hapana. Ana mwanamke nje? Sijawahi kusikia. Matumizi anatoa? Anatoa. Anakunywa? Hapana. Mwenyekiti akavua miwani. Sasa mama tatizo nini? Dada akanyamaza. Hapo ndo mimi kwa ujanja wangu nikaomba kuongea, nikasema yale yale aliyoandika ndugu yetu wiki iliyopita, kwamba wazee wangu mwanaume anayelisha keshasema kila kitu, huyu dada yetu kazoea tamthilia. Watu wakacheka.

Dada akangoja kicheko kiishe. Akasema siku mama yangu alipofariki nilitoka ndani nikamtafuta huyu bwana nje nimuegemee, nikamkuta anahesabu viti vya kukodi. Akaniambia vimepungua sita. Mpaka tunazika, mpaka tunaanua matanga, hilo ndo neno aliloniambia, vimepungua sita.

Mama yake ni mama yangu. Na siku ile viti tulikuwa tunahesabu wawili, mimi na shemeji, mimi nikiwa nimeshika daftari. Dada aliponiangalia pale baraza sikuwa na pa kuweka macho.

Shemeji akajibu, na alijibu kwa uchungu kweli, sauti inatetemeka. Mimi nililipa turubai, nililipa gari la kumpeleka mama mpaka Kilwa, nilikesha siku tatu nje na mbu, nikakopa ofisini nimemaliza kulipa juzi juzi, ulitaka nifanye nini tena? Dada akasema sikujua kama ulikopa. Shemeji akasema sikukwambia maana ulikuwa na msiba. Basi pakawa kimya, mpaka yule mama mjumbe aliyekuwa anasinzia akaamka.

Miaka kumi na saba, Mhariri, na hilo walikuja kuambiana mbele ya watu wasiowajua, kwenye benchi, baada ya kujaza fomu. Nikamuomba kijana mmoja anayesomea sheria anisomee kifungu cha 107, pale sheria inapotaja mambo ambayo mahakama inaweza kuyaangalia kuona ndoa imevunjika, akanisomea ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekeza, kutengana kwa hiari miaka isiyopungua mitatu, kifungo, na mengine. Nikamuuliza viti sita viko wapi hapo? Akacheka, akasema mjomba hiyo wakili mzuri anaweza kuibana kwenye ukatili wa akili. Mi sioni kama ni ukatili. Shemeji alikuwa anampenda yule mwanamke kwa turubai na mkopo, na mkopo wenyewe kaficha.

Ndo maana namwambia ndugu yangu wa wiki iliyopita, vitendo sivikatai, mi maisha yangu yote ni vitendo. Ila njoo boda uone. Mzigo unaweza kuwa wa mamilioni, umefungwa vizuri, turubai jipya, kama hauna makaratasi unalala pale pale, kila mtu anauona na hakuna anayejua ni wa nani. Mkeo anaona unga umeingia, ada imelipwa. Anajuaje kama ni kwa ajili yake au ni kwa sababu unaogopa kuchekwa mtaani?

Tulikotoka pia pamechangia. Dada yangu alifundwa wiki nzima na somo wake, na wa siku hizi wanafanyiwa kicheni pati za mamilioni, anafundishwa jiko, anafundishwa chumbani, anafundishwa kuvumilia, asitoe siri ya ndani nje. Ya ndani nje asitoe, sawa, lakini hakuna aliyemfundisha ya ndani humo ndani aitoeje. Sisi wanaume ndo kabisa, mi jandoni nimekumbuka kitu kimoja tu, ukilia umemuaibisha baba yako. Na siku ya kuoa wenzangu walininunulia nyama choma wakaniambia usimzoeshe. Usimzoeshe nini? Mpaka leo sijui, ila nilitii.

Halafu wanaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo, hao wavivu. Tuna huzuni, simanzi, majonzi, kihoro, jakamoyo, kinyongo, dukuduku, tuna donge linalokaa rohoni na moyo unaokwenda mbio, sisi hatukosi maneno. Tumeyatupa yote tukachukua moja, stresi. Umefiwa una stresi, unadaiwa una stresi, Yanga kafungwa una stresi, mke kakununia una stresi. Na la mapenzi ndo tumelipeleka kwa Wazungu kabisa, mi wakati namtongoza mama watoto nilimwandikia ai lavu yu kwenye meseji, maana nakupenda ya Kiswahili ilikuwa nzito mdomoni, ya Kizungu unaweza kuisema kama mzaha, akikukataa unacheka yanaisha.

Kuongea mbona naongea lakini! Utingo wangu ana miaka 24, huyo anajua habari zangu zote. Anajua kwamba 2016 pale Kitonga nikishuka na mzigo breki ziligoma, nikaangalia bonde upande wa kushoto nikasema leo ndo leo, nikapiga gia za kuzuia mpaka ikasimama kwenye ukuta wa mlima, na kwamba tangu siku hiyo kila nikifika pale mikono inalowa jasho, nazima redio, siongei mpaka tumalize zile kona. Anajua naogopa kufa kuliko ninavyoonekana. Anajua nilimlilia mama yangu safari nzima ya Tunduma wiki mbili baada ya kuzika, ndani ya kabini, yeye kajifanya kalala. Mke wangu anachojua kuhusu 2016 ni kwamba nilichelewa siku mbili. Nilimwambia foleni.

Na ukikaa na madereva pale Tunduma usiku, watu wazima wenye mvi, wanafunguka hao mpaka unawahurumia, mwenye mtoto kashindikana, mwenye kuogopa kisukari, mwenye kuhisi nyumbani wanamsubiri hela tu yeye mwenyewe hawamsubiri. Simu ya mke ikiita anapokea kwa ukali, ee, sema, sawa, anakata. Anarudi kwenye stori.

Baada ya yale ya dada nilijaribu, sitajisifu. Niliporudi nikamwita mke wangu kwa jina lake, lile la kuzaliwa, maana miaka yote ni Mama Wawili, na yeye ananiita Baba Wawili, hata kwenye simu nimemsevu hivyo. Akatoka jikoni anakimbia, akaniuliza nani kafa? Nikasema hakuna. Akaninusa. Akasema umekunywa? Nikasema nimekuita tu. Akasimama pale mlangoni na mwiko wenye ugali, akaniangalia, akasema ugali unaungua akarudi jikoni. Ila nilisikia anaimba imba huko, au labda ni redio ya jirani.

Safari hii nipo tena Tunduma, siku ya tatu, magari hayasogei. Jana usiku nilirekodi voisi kumwambia ile habari ya Kitonga ya 2016. Nilifuta mara tatu, ya kwanza nilikuwa kama natoa ripoti polisi, ya pili nikaanza kumuuliza kuhusu luku katikati, ya tatu nikakohoa. Ya nne nikaituma hivyo hivyo, dakika mbili na ushee, mwishoni nikamuuliza ile kanga yako ulikuwa unataka nikuulize nini. Tiki zikawa bluu saa tano usiku. Kimya. Asubuhi kimya. Mchana ikaingia meseji, gesi imeisha, nikatuma hela, nikasema basi.

Saa kumi jioni hii imeingia voisi yake. Dakika kumi na moja. Mhariri, tangu nimemuoa sijawahi kupata voisi yake inayozidi dakika moja. Nimeibonyeza, nimesikia anavuta pumzi, nimesikia kuku wetu kwa nyuma na mlango wa jiko ukifungwa, akasema aya, sikiliza, nikaizima. Utingo kakaa hapa pembeni anamenya muwa. Nimempa elfu mbili akanunue chipsi upande wa pili wa barabara, kaniambia bosi bado sijasikia njaa. Nasubiri ashuke.

Dereva wa masafa,
Mlandizi, Pwani